Ukibuni I/O isiyosubiri kwenye mfumo endeshi, fuata mkataba wa kiwango hata kama huyapendi majina yake

Bafa64 (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna mjumbe kwenye uzi mwingine amesema POSIX AIO (sehemu ya I/O isiyosubiri, yaani kusoma na kuandika data bila kungoja, ndani ya POSIX, kiwango cha mifumo endeshi ya aina ya Unix) ilishakufa, hivyo anayebuni mfumo endeshi leo hana haja ya kujisumbua na kiwango. Achore kiolesura chake anavyotaka. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litameza uzi wa watu. Kwamba wengi hawaiti aio_read, funksheni yake ya kusoma, siku hizi, hilo kweli. Kwamba kiwango hakina la kumfundisha mbunifu, hapo ninakataa, kwa sababu ndipo zinapozaliwa zile hitilafu zinazokaa kimya hadi siku umeme unapokatika katikati ya kuandika.

Twende na msingi kwanza kwa ajili ya wageni. Programu ikiita read() ya kawaida, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inailaza mpaka data ipatikane. Kwenye I/O isiyosubiri programu inaacha ombi, inaendelea na shughuli nyingine, taarifa inakuja baadaye. Ugomvi wote uko kwenye taarifa hiyo: inakuja lini na inakwambia nini.

Kuna familia mbili. Ya kwanza ni ya utayari: select() iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983, baadaye poll(), kqueue ya FreeBSD mwaka 2000 na epoll ya Linux mwaka 2002. Ya pili ni ya ukamilishaji: POSIX AIO ya mwaka 1993, foleni za ukamilishaji za Windows NT 3.5 mwaka 1994, na io_uring iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019. Utayari ni kupigiwa simu kwamba mzigo umefika, njoo uuchukue. Ukamilishaji ni kuukuta mzigo umeshawekwa ndani, pale ulipoelekeza.

Kwa soketi (milango ya mawasiliano ya mtandao) utayari unafanya kazi vizuri sana. Kwa mafaili ya diski haufanyi kazi kabisa, na si kwa bahati mbaya. POSIX yenyewe inasema faili la kawaida litahesabiwa kuwa tayari kusomwa na kuandikwa wakati wote. Utaliuliza kwa poll(), litajibu "tayari", utaita read(), na thredi yako (mkondo wa utekelezaji wa programu) italala ikisubiri diski. Kuweka O_NONBLOCK (alama ya "usingoje") hakusaidii kitu kwenye faili la kawaida. epoll angalau ni mkweli: ukijaribu kuliingiza faili la kawaida inakurudishia EPERM, kosa la "hairuhusiwi". Nawaheshimu waliochagua hivyo, maana kosa linaloonekana ni bora kuliko jibu la uongo.

Kwa hiyo pengo lilikuwepo, na waliolihisi mapema ni watu wa mifumo ya wakati halisi. Ndio walioleta 1003.1b, nyongeza ya POSIX yenye AIO, mwaka 1993, na tangu toleo la mwaka 2008 sehemu ya AIO ni ya lazima kwenye POSIX, si ya hiari tena. Unajaza muundo uitwao aiocb: namba ya faili, mahali pa kuanzia, bafa (eneo la kumbukumbu la kuwekea data), urefu, na namna unavyotaka kuarifiwa. Unaita aio_read au aio_write. Ukiuliza kwa aio_error unapata EINPROGRESS ("bado inaendelea") hadi kazi iishe. Ikiisha, unaita aio_return mara moja tu kuchukua jibu.

Sasa achaneni na majina hayo kwa muda, tazameni maswali ambayo kiwango kimeyajibu. Bafa ni ya nani ombi likiwa njiani? Ni ya kerneli. Huruhusiwi kuigusa, wala kuugusa muundo wa aiocb, na vyote lazima viendelee kuwepo kwenye kumbukumbu. Ukiweka bafa kwenye staki ya funksheni halafu funksheni ikarudi, diski itakuja kumwaga data juu ya vigezo vya funksheni nyingine kabisa, na utahangaika wiki nzima ukitafuta mchawi.

Kosa linaripotiwa wapi? Kuna sehemu mbili, na mbunifu asipozitenganisha anawaumiza watumiaji wake. Ombi likishindwa kuingia foleni, kwa mfano rasilimali zimeisha, wito wenyewe unarudisha EAGAIN ("jaribu tena"). Likiingia halafu likashindwa, kosa linakaa kwenye hali ya ombi hadi uliulize. Kuna makosa, kama namba mbovu ya faili, ambayo kiwango kinaruhusu yaripotiwe sehemu yoyote kati ya hizo. Programu iliyoandikwa vizuri inakagua kote.

Kughairi je? Hapa ndipo wabunifu wapya hukosea zaidi, wanadhani kughairi ni ndiyo au hapana. aio_cancel ina majibu matatu: limeghairiwa, lilikuwa limeshaisha, au halighairiki kwa sasa kwa kuwa liko njiani. Hilo la tatu limetoka kwenye maunzi. Amri ikishafika kwa kidhibiti cha diski na data ikaanza kuhamishwa, hakuna funksheni ya C inayoweza kuirudisha nyuma.

Mapungufu yapo, siyafichi. Kiwango kinadai mfumo uruhusu angalau ombi moja tu kwa wakati, na lio_listio, wito wa kutuma maombi kwa kundi, ibebe angalau mawili. Mfumo wenye ombi moja unaweza kujiita unafuata POSIX! Kuarifiwa kwa ishara (signal) ni kero, kwa sababu ndani ya funksheni inayopokea ishara vitu vinavyoruhusiwa kuitwa ni vichache. Na hakuna njia ya kufungua faili bila kusubiri: open() na stat() zinaweza kulala kwenye diski, kiwango kimekaa kimya.

Karibuni tubishane.

soketi_wazi

Naweka kambi hapa.

Mkuu, nilisoma mahali kwamba glibc (maktaba ya C ya Linux) haina AIO ya kweli, inatumia thredi za kawaida kwa siri. Kama ni hivyo si ni utapeli? Unaambiwa isiyosubiri kumbe kuna thredi imelala kwa niaba yako.

Bafa64

Si utapeli mkuu. Kiwango kinaeleza tabia inayoonekana na programu, hakielezi kerneli iifanye vipi. Mtu akitimiza tabia hiyo kwa thredi, amefuata kiwango. Hata libuv, ile iliyo chini ya Node.js, kwa miaka mingi imeshughulikia mafaili kwa kundi la thredi 4, isipokuwa ubadilishe idadi mwenyewe, na dunia inakwenda.

Tatizo la glibc ni jingine: maombi ya namba moja ya faili yanapangwa yafuatane, moja baada ya jingine. Hifadhidata yenye faili moja kubwa inatuma maombi 50 ikitegemea diski iyapange upya na kuyafanya kwa pamoja, kumbe yanapita mlango mmoja kwa zamu. Tabia ni sahihi, kasi hakuna. Kiwango hakiwezi kukulinda na hilo.

Kinyume chake ni AIO ya ndani ya Linux, ile ya io_submit iliyokuja na kerneli 2.6. Hiyo iko ndani ya kerneli kwelikweli, lakini kutosubiri unakopata ni pale ulipofungua faili kwa O_DIRECT, yaani umeikwepa kashe ya kerneli (nakala za data za mafaili inazoweka kwenye kumbukumbu). Bila hivyo, io_submit yenyewe inaweza kulala, na haikwambii. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyo karibu na utapeli kuliko glibc. Wito unaoitwa "wasilisha" ukilala, programu nzima ya kitanzi kimoja imesimama na mwandishi hajui kwa nini.

MzeeWaMaunzi

Kijana umeandika vizuri lakini unaupamba mwili uliokwisha kuzikwa. Kiwango kinachohesabika leo kiko chini, kwenye maunzi. AHCI, kiolesura cha diski za SATA, ilikuwa na foleni moja yenye nafasi 32 za amri. NVMe, kiolesura cha SSD za kisasa, inaruhusu foleni za I/O hadi 65,535, kila moja amri hadi 65,536. Foleni ya kuwasilisha, foleni ya kukamilisha, kengele ya kumwamsha kidhibiti, basi. Jens Axboe alichofanya kwenye io_uring ni kulichukua umbo hilohilo akalipandisha hadi kwenye programu. Foleni mbili za duara kwenye kumbukumbu inayoshirikiwa na kerneli, ombi baiti 64, jibu baiti 16. Hakumwomba ruhusa mtu wa POSIX, na ameshinda. PostgreSQL 18 ya mwaka 2025 imeleta I/O isiyosubiri, na kwenye machaguo yake ipo io_uring, ipo ya wafanyakazi wa pembeni. aio_read haimo.

Sasa niambie huyo mwanafunzi anayeandika kerneli leo aanze na aiocb ya kazi gani.

Bafa64

Shikamoo mzee. Umbo la foleni sikupingi, ni zuri kuliko aiocb, na kama ningeanza leo ningeanza na foleni mbili. Lakini ukifungua io_uring kwa ndani utakuta mkataba uleule nilioueleza, umevaa nguo mpya.

Jibu la kila ombi ni namba ambayo read() ingeirudisha, na likishindwa ni msimbo wa kosa uleule wa POSIX ukiwa hasi. Hakuna orodha mpya ya makosa iliyobuniwa. Bafa inabaki mali ya kerneli hadi jibu litoke. Ndiyo maana maktaba za Rust zinazotumia io_uring hudai uzikabidhi bafa mazima badala ya kuziazima, kwani mkopaji anaweza kuondoka kabla diski haijamaliza. Na kughairi: ukituma IORING_OP_ASYNC_CANCEL unapata sifuri, au -ENOENT, au -EALREADY. Limeghairiwa, halionekani tena, liko njiani na huenda likasimama au lisisimame. Yaweke pembeni ya majibu matatu ya aio_cancel ya mwaka 1993 uone. Sijui kama kuna aliyenakili; naamini tatizo lenyewe ndilo lenye majibu matatu, na waliolifikiria hadi mwisho wanakutana mlango uleule.

Na pale ilipotoka nje ya mazoea, ililipa. Kwa miongo mingi kila mtu amejenga ulinzi juu ya dhana kwamba kila kitendo cha programu kinapita kwenye wito wa mfumo wake (ombi la programu kwa kerneli). Vichujio vya seccomp, vinavyoamua wito upi uruhusiwe kwenye Linux, vinasimama mlangoni hapo. io_uring inapeleka vitendo kwa kumbukumbu ya pamoja, hivyo kichujio kinaona tu kwamba foleni imeguswa, hakioni kama ndani kuna open au connect. Changanya na msimbo mpya mwingi ndani ya kerneli. Mwaka 2023 Google walieleza kwamba asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa mwaka uliotangulia kwenye mpango wao wa zawadi za kuvunja kerneli yalitumia io_uring. Wakaizima kwenye ChromeOS na kwenye seva zao, na kwenye Android wakazuia programu za kawaida zisiifikie. Haimaanishi ni mbaya. Inamaanisha kulikuwa na mkataba ambao haukuandikwa popote, na waliouvunja hawakuwa wamewaza nani anautegemea.

MzeeWaMaunzi

Marahaba. Hilo la kughairi nakupa. La usalama nasema lingetokea kwa kiolesura chochote kipya cha ukubwa ule.

DadaMsimbo

Mimi niko kwenye hifadhidata, nina swali la kazi kabisa. Tuna programu ya zamani inayotumia aio_write ikifuatiwa na aio_fsync (fsync ni wito wa kulazimisha data ifike diski). Mwenzangu anataka kuihamishia io_uring: maandishi (maombi ya kuandika) kadhaa kisha fsync, vyote kwenye foleni moja, anavituma kwa mpigo. Majaribio yote yamepita. Kuna la kuogopa?

Bafa64

Dada, simamisha hiyo kazi kwanza. Umeleta mfano ambao ningeutafuta siku nzima.

Kwenye POSIX, aio_fsync inahusu maombi yote ya faili lile yaliyokuwa foleni wakati ulipoiita. Yaani umeambiwa: yaliyotangulia yatafikishwa salama, kisha nitakujibu. Kwenye io_uring ahadi hiyo haipo. Maombi huanzishwa kwa mpangilio wa foleni lakini humalizika kwa mpangilio wowote, na nyaraka zake zinasema waziwazi kwamba ukiweka andiko kisha fsync kwenye foleni, usitegemee kwamba fsync imelihusu andiko lile. fsync inaweza kumaliza kazi yake wakati andiko bado linangoja. Unapata jibu la sifuri, unamwambia mteja muamala umehifadhiwa, mashine inazimika, muamala haupo.

Majaribio yatapita kwa sababu kwenye mashine isiyo na mzigo maandishi mengi yanaishia kwenye kashe papo hapo, kabla fsync haijaanza. Hitilafu hii inangoja siku ya msongamano.

Dawa: unganisha maombi kwa IOSQE_IO_LINK ili fsync isianze hadi lililotangulia liishe. Kama maandishi ni mengi na hutaki yafuatane, weka IOSQE_IO_DRAIN kwenye fsync, isubiri yote yaliyo mbele yake. Hiyo ya pili ni nzito, inasimamisha foleni nzima hata kwa mafaili yasiyohusika. Njia ya tatu, ambayo mimi naipenda: programu yenyewe ihesabu majibu ya maandishi, yakitimia ndipo itume fsync. Mistari michache zaidi, lakini anayesoma msimbo anaona mpangilio kwa macho yake.

Angalizo jingine kuhusu kuunganisha: andiko likirudi pungufu, baiti chache kuliko ulizoomba, mnyororo unakatika na fsync inarudi na -ECANCELED. Shughulikieni hilo.

DadaMsimbo

Asante kaka. Na fsync ikirudisha kosa, tunairudia?

Bafa64

Hapana. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa, kurasa zilizoshindwa kuandikwa zinaweza kuhesabiwa safi. Ukiita mara ya pili inakujibu sawa, na data haikufika diski. Wao waliamua kuiangusha seva yote na kuijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu ya miamala. Ni ukatili, ila ndio uamuzi sahihi.

Na hapa nakilaumu kiwango bila kigugumizi. Kinasema fsync ikishindwa maombi yaliyokuwa njiani hayana uhakika wa kukamilika, kisha kinanyamaza kuhusu hali ya kurasa baada ya hapo. Kila mfumo ukachagua lake. Mbunifu anayefuata kiwango asiishie kwenye kilichoandikwa. Palipo kimya aandike yeye, kwenye nyaraka zake, mfumo wake unafanya nini.

soketi_wazi

Wakuu, na Windows? Hakuna POSIX kule lakini nasikia wao waliwahi.

Bafa64

Waliwahi kwa sababu ndani ya NT kila I/O inabebwa na kifurushi cha ombi kinachoshuka kutoka draiva hadi draiva, na draiva inaweza kusema "nimepokea, nitamaliza baadaye". Kutosubiri kumo kwenye msingi, kusubiri ndiko kulikoongezwa juu. Dave Cutler aliyeongoza NT alitoka kwenye VMS, mfumo endeshi wa awali, na fikra hizo zilikuwako kule.

Mtego wao mmoja ujue: ReadFile ikifanikiwa papo hapo bila kungoja, foleni ya ukamilishaji bado inaletewa taarifa, isipokuwa umeomba isiletwe kwa FILE_SKIP_COMPLETION_PORT_ON_SUCCESS. Wanaotoka Linux huachilia bafa mara waonapo mafanikio, halafu taarifa inafika ikikuta muundo umeshafutwa.

kerneli_changa

Mimi ndiye huyo mwanafunzi anayetajwa, hahaha. Kerneli yangu ina read() na write() za kusubiri tu, draiva moja ya diski. Nataka niongeze I/O isiyosubiri bila kubomoa nyumba. Nianzie wapi? Na mchakato ukiuawa wakati ombi liko njiani nifanye nini? Hapo ndipo nimekwama, mashine inaanguka.

Bafa64

Karibu mdogo wangu. Anza chini, si juu. Draiva yako ipokee ombi na irudi mara moja. Ikimaliza, iite funksheni ya ukamilishaji kutoka kwenye kikatizaji (interrupt, maunzi yanapokatiza kichakato kusema kazi imeisha). Kisha read() ya kawaida iwe ni "wasilisha halafu lala hadi ikamilike". Ukifika hapo una njia moja tu ya kwenda diski, na kiolesura cha nje, kiwe aiocb au foleni mbili, kinakuwa tabaka jembamba. Ukifanya kinyume, ukaacha read() ya kusubiri ndiyo msingi, utaishia kuweka thredi kwa kila ombi.

Kwa kupima, chukua majaribio ya Open POSIX Test Suite, yamo ndani ya LTP (Linux Test Project), na yana sehemu ya AIO. Hata kama hutatoa aio_read kwa watumiaji, iandike kama ganda juu ya foleni zako ili majaribio hayo yaendeshwe. Yatakuuliza maswali ambayo wewe hungejiuliza.

Kuhusu mchakato kufa: nadhani unaachilia kurasa za kumbukumbu mara mchakato unapoondoka, wakati kidhibiti cha diski bado kinaandika humo. Kurasa zimeshapewa mwingine, diski inazimwagia data. Kiwango kimelisema hili vizuri. Mchakato ukitoka, maombi yanayoghairika yanaweza kughairiwa. Yasiyoghairika yanakamilika kana kwamba mchakato haujatoka, ila taarifa za mwisho hazitumwi. Vivyo hivyo kwa close(): lisiloghairika linakamilika kana kwamba faili halijafungwa. Na kwenye fork(), mchakato ukizaa mwingine, mtoto harithi ombi lolote lililo njiani.

Kwenye msimbo maana yake ni hii. Kila ombi lishike hesabu ya marejeo (idadi ya wanaokitumia kitu) kwa kurasa za bafa na kwa faili lililofunguliwa, si kwa mchakato wala kwa namba ya faili. Mchakato ukifa, pitia orodha ya maombi yake, jaribu kughairi kila moja, na yaliyogoma yawekee alama kwamba hayana wa kumwarifu. Funksheni ya ukamilishaji ikiiona alama hiyo, isiguse foleni ya mchakato. Ipunguze hesabu tu, na kurasa zijiachilie zenyewe hesabu ikifika sifuri.

kerneli_changa

Kumbe ndiyo hiyo. Hesabu yangu iko kwenye mchakato. Nahamisha leo usiku. Kufuli ya orodha ya maombi (lock, inayozuia wawili kuigusa kwa wakati mmoja) niishike wakati wa kughairi?

Bafa64

Ishike unapotoa ombi kwenye orodha, iachie kabla hujaingia kwenye draiva. Kikatizaji cha ukamilishaji kinaitaka kufuli hiyohiyo, na kikija kwenye kichakato kilekile ukiwa umeishika bila kuzima vikatizaji, mashine yako itaganda badala ya kuanguka.